Siku moja maishani mwangu: mvalishaji wa warembo, siku ya fainali

Saa 11 alfajiri chumba cha mavazi hakina mrembo hata mmoja. Kuna reli za nguo, meza ndefu, vioo na pasi za mvuke tatu zinazoanza kupata moto.

Kazi yangu ni mvalishaji. Watu wakisikia mashindano ya urembo ya kimataifa hufikiria taji, na wakikumbuka kwamba kuna watu wa nguo, humfikiria mbunifu. Mbunifu hulishona gauni. Mvalishaji ndiye anayehakikisha limefungwa, halijachanika wala kushika doa, na limefika jukwaani kwa wakati, mara nyingi kwa mwanga wa tochi ndogo iliyobanwa mdomoni.

Kwanza ni kuhesabu. Kila mrembo ana sehemu yake kwenye reli yenye kibandiko cha nchi: vazi la ufunguzi, la ufukweni, gauni la jioni, viatu, hereni kwenye kifuko, utepe. Mashindano kama Miss Universe siku hizi huwa na warembo zaidi ya 100, na mvalishaji mmoja hukabidhiwa kadhaa. (Miss World haina tena kipengele cha vazi la ufukweni tangu 2015, jambo linalompunguzia mvalishaji badiliko moja zima la nguo.) Majina ya walioingia nusu fainali hutangazwa jukwaani, mbele ya kamera, na sisi huyasikia wakati uleule mnaoyasikia nyumbani. Kwa hiyo kila gauni linaandaliwa kana kwamba litavaliwa, na mengi yatarudi kwenye mifuko bila kuonwa na mtu. Gauni hilo lisiloonwa hunyooshwa sawasawa na la mshindi. Hapo hatupunguzi hata kidogo.

Saa 1 hadi saa 4 asubuhi ni mvuke. Pasi huachwa kwanza iteme maji yake kwenye kitambaa kikuukuu, kwa sababu tone moja kwenye satini huacha duara lisilofutika kwa haraka. Satini hunyooshwa kwa ndani. Sikwini, yaani vile vipande vidogo vya plastiki vinavyong'aa, hazipigwi mvuke kwa mbele kabisa, hujikunja kama majani makavu na hazirudi. Gauni zito la shanga halitundikwi kwa mabega. Uzito wake hurefusha kitambaa, na pindo lililopimwa jana likaanza kuburuza leo. Hilo hulazwa mezani juu ya shuka safi, au hutundikwa kwa kanda zilizoshonewa ndani kiunoni.

Saa 4 mazoezi ya jukwaani, saa 6 yanarudiwa kwa sababu ya taa, saa 8 yanarudiwa tena, na chakula kinaliwa kwa kusimama.

Saa 9 alasiri ndiyo saa ninayoiogopa. Katika kila fainali kuna mtu wa timu ya mrembo anayeingia na viatu vipya. Vinapendeza zaidi, anasema, na rangi imelingana. Kisigino kimepungua sentimita tatu tu.

Sentimita tatu ni gauni jipya. Pindo hupimwa mrembo akiwa amevaa viatu vilevile atakavyopanda navyo, amesimama wima na kutazama mbele, maana akiinama kujitazama pindo la mbele hushuka. Mbele linaachwa juu ya sakafu kama sentimita moja na nusu. Ukishusha kisigino sentimita tatu, kitambaa kinalala chini na ncha ya kiatu inakikanyaga hatua ya pili au ya tatu. Rachel Smith wa Marekani alianguka na gauni lake kwenye fainali ya Miss Universe mjini Mexico City mwaka 2007. Mwaka uliofuata, Nha Trang nchini Vietnam, Crystle Stewart naye wa Marekani akaanguka. Dunia nzima iliona. Kwa hiyo namweleza mwenye viatu kwa upole: dada, naomba virudi vile vya kwanza. Anakataa. Namwita matroni. Matroni anamwita msimamizi wa mavazi. Dakika 25 zinakwisha kwa mazungumzo, na pindo lenyewe lingehitaji 40.

Wakishinda wao, pindo linapandishwa mbele tu, kutoka mshono wa pembeni hadi wa pembeni, kwa mishono mirefu ya mkono upande wa ndani. Nyuma haliguswi, kwa kuwa mkia unatakiwa uburuze. Penye shanga huwezi kukunja. Zinafumuliwa kwanza safu moja, uzi unafungwa fundo ili nyingine zisimwagike, ndipo unakunja. Wakati huo mrembo amesimama juu ya kiti, na vidole vyako vimeanza kutoboka. Damu ikigusa kitambaa cheupe, mate ya yule aliyejichoma huitoa, yakiwahi kabla haijakauka.

Jioni. Gundi ya tepu ya pande mbili inayoshika kifua cha gauni haishiki ngozi yenye losheni. Futa kwa spiriti, acha ikauke, ndipo ubandike. Uso unafunikwa kwa skafu nyepesi gauni linapopitishwa kichwani, vipodozi visilichafue. Utepe unabanwa begani kwa pini mbili zilizofichwa, jina la nchi lisomeke kifuani na lisizame kwapani.

Onyesho likianza, sitazami saa tena. Natazama skrini. Majina yanatajwa, waliobaki wanakuja mbio, wengine wanakuja polepole na hao nao wanahitaji mtu wa kuwashika mkono.

Zipu inakufa mapumziko ya matangazo. Ikiwa meno yameachana, kichwa cha zipu hurudishwa chini kabisa, hubanwa kidogo kwa koleo na kupandishwa taratibu. Kikitoka chote, mrembo anashonewa ndani ya gauni: uzi maradufu uliopitishwa kwenye mshumaa, mishono ya sentimita moja kuanzia chini kwenda juu, na kipande cha kadi kikitangulia kati ya sindano na mgongo. Anaambiwa asivute pumzi kubwa. Inawezekana kwa dakika tatu, nyie mnaangalia matangazo ya sabuni.

Kisha taji. Lina vichana pembeni, na vibanio hushika nywele ndefu vizuri. Kwa nywele fupi, kama za Zozibini Tunzi wa Afrika Kusini aliyeshinda Miss Universe 2019 mjini Atlanta, linategemea zaidi kutoshea kichwa chenyewe.

Ukumbi unashangilia. Huku nyuma tunafumua, tunakata uzi wa migongoni, tunapanguza gundi kwa mafuta, tunarudisha kila kitu kwenye mfuko wenye kibandiko chake. Miguu imevimba. Pini zilizotoka kwenye kopo asubuhi zilikuwa 40, zilizorudi ni 37. Tunapiga magoti na tochi, maana bado kuna warembo wanaopita hapa pekupeku.