Huyu wa kwetu Fumba

Asubuhi ile nilimpima bibi presha mara tatu, na mara zote zilicheza pale pale: 188 kwa 104. Alikuja kutolewa mtoto wa jicho. Mwezi uliotangulia alisharudishwa nyumbani kwa sababu hiyo hiyo, na daktari aliniambia pembeni kwamba ikifika saa tano haijashuka, atarudi tena kijijini kwao Fumba, Unguja, haoni.

Dawa yake ya presha alishakunywa alfajiri. Kilichobaki ni woga. Mtu akiogopa moyo huenda mbio, mishipa hubana, presha hupanda. Na jicho likipasuliwa hali presha iko juu, linaweza kuvuja damu ndani. Yote hayo tunayajua, halafu tunamwambia mgonjwa "tulia, bibi", kana kwamba utulivu uko kwenye pindo la kanga yake na amekataa tu kuufungua. Nililisema neno hilo miaka mingi. Linaniuma hadi leo.

Nikatoa simu, nikamwekea piano ya taratibu. Akasikiliza kidogo.

"Mwanangu, mbona haina maneno?"

"Wewe wapenda nini, bibi?"

"Mama yangu alikuwa na santuri."

Nikatafuta mpaka nikaipata sauti ya Siti binti Saad, zile nyimbo alizoanza kurekodi Bombay mwaka 1928, mikwaruzo tele. Bibi akanishika mkono. "Huyu wa kwetu!" Na kweli, Siti ni mzaliwa wa Fumba, mfinyanzi aliyekuwa akitembeza vyungu kabla ya kuhamia mjini. Nikailaza simu kwenye mto, karibu na sikio. Vidole vilivyokuwa vikisokota shuka tangu alfajiri vikalegea, kimoja kimoja. Baada ya nusu saa: 156 kwa 88. Sisemi ni muziki peke yake, dawa nayo ilikuwa kazini. Lakini dawa ilikuwepo na mara ya kwanza.

Daktari akakubali, tukaingia na simu. Ganzi ikachomwa kando ya jicho, uso ukafunikwa kitambaa chenye tundu moja. Kichwa hakitakiwi kusogea hata kidogo, na hakikusogea. Ila kule miguuni, nje ya blanketi, kidole gumba chenye hina iliyofifia kilikuwa kikiifuata ngoma ya dumbak. Wimbo ulipokwisha kikasimama. Nikaurudisha mwanzo.