Bahati nasibu imenipita, kazi nimepata

Jamani, jina langu halikutoka tena kwenye bahati nasibu ya H-1B, ile viza ya Marekani ya kazi za kitaalamu. Nafasi ni 85,000 kwa mwaka, 20,000 kati ya hizo kwa waliosoma uzamili hapahapa Marekani, na waombaji ni wengi mno. Kilichonibakiza ni OPT, ruhusa ya mwanafunzi wa kigeni kufanya kazi ya fani yake kwa muda baada ya kuhitimu: sisi wa sayansi na teknolojia huongezewa miezi 24 juu ya ile 12 ya kwanza, mradi mwajiri awe amesajiliwa E-Verify, mfumo wa serikali wa kuhakiki ruhusa ya kazi ya waajiriwa.

Sasa nimeajiriwa kwenye maabara ya chuo kikuu. Vyuo havimo kwenye hiyo bahati nasibu. Vinaweza kukuombea viza mwezi wowote. Mshahara mdogo, ndiyo, ila usingizi naupata. (Mbona hili hatuambiwi mapema?)

Wadogo zangu, mtu akikuuzia barua ya udhamini, kimbia. Ada za ombi la viza hii hulipa mwajiri.