Muhuri wenye treni

Mnaoniuliza mbona pasipoti yangu haina muhuri wa Ubelgiji wala Uholanzi: hakuna wa kuugonga! Paris hadi Brussels hadi Amsterdam treni inapita tu mpakani, abiria wanaendelea kusinzia. Ndani ya Schengen, yaani nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa pasipoti mipakani kati yao, ulikuwa unagongewa ukiingia na ukitoka, basi. Wangu wa kuingia una kijipicha cha ndege. Wa kutoka, nilioupata stesheni ya Gare du Nord, Paris, nikielekea London, una treni, na huo ndio naupenda kuliko yote. Maofisa wa Uingereza nao wako palepale stesheni, hatua chache mbele; unaingia kwao ungali Paris. Wakusanya mihuri poleni, tangu Oktoba 2025 Schengen walianza kuhamia alama za vidole na picha. Wino kwaheri.