Kuazima kwa pamoja: kutoka Ohio hadi Lamu

Dada yangu, aliyehamia jimbo la Ohio nchini Marekani baada ya kuolewa, ni mwanachama wa maktaba ya mji mdogo sana, na hata hivyo simu yake huwa na vitabu vya sauti ambavyo maktaba hiyo isingeweza kuvigharamia kwa bajeti yake yenyewe. Nilipomuuliza wanafanyaje, alinieleza kwamba maktaba yake imejiunga na Ohio Digital Library, ushirika wa maktaba za jimbo hilo ambazo huchanga fedha, hununua vitabu vya kidijitali kwa pamoja, kisha humruhusu kila mwenye kadi ya maktaba mwanachama kuazima kutoka katika hazina hiyohiyo moja. Programu anayotumia inaitwa Libby. Ilitolewa mwaka 2017 na OverDrive, kampuni iliyoanzishwa Cleveland, humohumo Ohio, mwaka 1986.

Jambo hili limenishughulisha kwa sababu mbili zilizo karibu nami. Mama yetu, ambaye maisha yake yote alikuwa msomaji, ana presha ya macho na sasa hawezi tena kufuata mistari ya kitabu, hata kile chenye maandishi makubwa. Nami mwenyewe kazi hunitoa hapa Lamu na kunipeleka Faza, katika kisiwa cha Pate, mara kwa mara, na anayeijua safari hiyo anajua kwamba saa ya kuondoka haipangwi na nahodha wala abiria, kwa maana mashua hupita Mkanda, ule mlango mwembamba kati ya kisiwa cha Manda na bara, na maji yakipwa hapapitiki. Ni safari ya kukaa na kungoja, jua likiwa utosini na mtandao wa simu ukija na kupotea. Asiyekuwa na kitu cha kusikiliza atasikiliza injini.

Kwa hiyo vitabu vya sauti nilivizoea kabla ya dada yangu kunieleza habari za ushirika wao. Nilianzia LibriVox, kazi ya watu wa kujitolea iliyoanza mwaka 2005, ambao husoma kwa sauti vitabu ambavyo hakimiliki yake imekwisha na kuviweka kwenye intaneti bure, bila kadi wala foleni. Faili zao za ubora wa chini ni za kilobiti 64 kwa sekunde, maana yake saa moja ya kusikiliza hula takriban megabaiti 29, na kitabu cha saa kumi hakifikii megabaiti 300. Nayasema haya kwa sababu wengi huogopa kwamba kitabu cha sauti kitamaliza bando lote. Video za mpira za jioni moja hula zaidi. Linalohitajika ni kukipakua nyumbani usiku, si kujaribu kukisikiliza moja kwa moja kutoka mtandaoni ukiwa katikati ya mkondo.

Huduma ya dada yangu ni ya namna nyingine, na hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo sikulitarajia. Msikilizaji wa huku hudhani kwamba kitabu cha sauti, kwa kuwa ni faili tu, kinaweza kuazimwa na watu elfu kwa mara moja. Sivyo ilivyo. Kwa sehemu kubwa ya vitabu, maktaba hununua leseni, na kila leseni humhudumia msomaji mmoja kwa wakati mmoja; wa pili hungoja mpaka wa kwanza arudishe au muda wake uishe, kama ambavyo angengoja kitabu cha karatasi. Dada yangu aliwahi kunitumia picha ya simu yake ikimwarifu kuwa yeye ni wa kumi na nne katika foleni ya kitabu chenye nakala tatu. Muda wa kuazima ukiisha, kitabu hujifunga chenyewe, na kwa hiyo hakuna faini wala haja ya kumkwepa mkutubi. Maktaba mwanachama ikiona watu wake wanangoja mno, inaweza kununua leseni ya ziada kwa ajili ya wenye kadi zake peke yao, jambo ambalo naliona la busara, kwani ushirika usiomwachia mtu nafasi ya kuwajali wa nyumbani kwake haudumu.

Nisichokipenda ni masharti ya leseni hizo. Wachapishaji kadhaa wakubwa hawaiuzii maktaba kitabu cha kidijitali, bali huikodisha: leseni ya miaka miwili, au leseni ya kuazimwa mara 26 kama ile ambayo HarperCollins iliianzisha mwaka 2011, na ikifika kikomo chake maktaba hulipa upya au kitabu hutoweka katika orodha. Bei nayo huweza kuwa mara kadhaa ya ile anayolipa mnunuzi wa kawaida. Kitabu cha karatasi kilichonunuliwa mara moja hukaa rafuni mpaka kichakae, na hata kikichakaa hushonwa. Mtu akiniambia kwamba Lamu iruke karatasi na kuingia moja kwa moja katika leseni za namna hiyo, nitampinga, kwa sababu siku ambayo kaunti itakosa fedha za kulipia mwaka unaofuata, tutabaki na programu isiyo na kitu ndani yake.

Zaidi ya hayo, kuazimana kwao hakukuanza na simu. Mwaka 1967 vyuo vya Ohio viliunda kituo cha pamoja, ambacho sasa kinajulikana duniani kwa jina la OCLC, ili kila chuo kisirudie kazi ya kuorodhesha kitabu ambacho jirani amekwisha kukiorodhesha. Na tarehe 26 Agosti 1971 maktaba ya Chuo Kikuu cha Ohio, mjini Athens, ilianza kuorodhesha vitabu kwa kompyuta iliyounganishwa na kituo hicho. Walijua kwanza nani ana nini. Kupelekeana vitabu kukawa kwepesi, kisha vitabu vya sauti vilipokuja, mazoea ya kukubaliana yalikuwapo tayari. Hicho ndicho tunachokikosa huku, na si kitu cha kununua dukani.

Maana vitabu tunavyo. Ngome ya Lamu, ambayo ilikuwa gereza hadi mwaka 1984, leo ina maktaba ndani yake, na anayetafuta maandishi juu ya mji huu na ushairi wake hana budi kupita hapo. Shule zina makabati, aghalabu yenye kufuli na ufunguo ulio kwa mtu asiyekuwapo. Madrasa zina vyao, na majumba ya mitaa ya Mkomani na Langoni yana masanduku ambayo wenyewe hawajayafungua tangu wazee wao wafariki. Huduma ya Maktaba ya Taifa iliundwa kwa sheria ya mwaka 1965, na jirani zetu wa Garissa walipelekewa vitabu kwa ngamia kuanzia mwaka 1996, kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba umbali ndio uliotushinda. Hakuna orodha moja. Mwalimu wa Faza anayehitaji kamusi hajui kwamba iko Shela, na aliye nayo Shela hajui kwamba inatafutwa.

Wala wazo la kitabu kuwa cha wasomaji wote si geni kwetu. Miongoni mwa miswada ya Msikiti wa Riyadha imo iliyowekwa wakfu, na maneno ya wakfu yameandikwa katika kitabu chenyewe ili asije mtu akakiuza au kukirithisha; aliyekihitaji alikisoma, na baada yake akaja mwingine. Miswada hiyo imepigwa picha za kidijitali kupitia mpango wa British Library wa kuhifadhi kumbukumbu zilizo hatarini, na picha zimewekwa kwenye intaneti zisomwe bure. Matokeo yake ni kwamba jirani wa dada yangu huko Ohio anaweza kusoma mswada wa Lamu usiku huu bila kadi yoyote, ilhali mama yangu, aliye hatua chache kutoka msikitini, hawezi kuazima kitabu cha sauti cha Ohio kwa sababu kadi zao hupewa wakazi wao. Siwalaumu, kodi ni yao.

Mama mwenyewe hakuvutiwa sana na vitabu vya Kiingereza nilivyompakulia. Alisikiliza sura moja kwa adabu, kisha akaniambia, "Mwanangu, huyu ana haraka ya kwenda wapi?" Nilipunguza kasi, kwa sababu programu hizi huruhusu msomaji kupunguziwa mwendo mpaka robo tatu, na sauti ikawa ya mtu mwenye nafasi. Akasikiliza tena, kisha akauliza kama hakuna cha Kiswahili. Nilivyompatia ni vichache, na vingi kati ya hivyo ni vya watoto, wakati yeye amelelewa katika mji ambao tenzi zilisomwa kwa sauti barazani na darsa ya Ramadhani husikilizwa na watu ambao hawajawahi kulifungua lile buku lililo mikononi mwa shehe. Kusikiliza kitabu kwake si ufundi mpya. Kipya ni kifaa.

Hapa sheria inatusaidia kuliko tunavyodhani. Kwa kazi za fasihi hakimiliki nchini Kenya hudumu miaka 50 baada ya mwaka aliofariki mtunzi, kwa hiyo tenzi za karne ya 19 na zilizotangulia ziko huru kusomwa na kurekodiwa, mradi tutumie mswada wenyewe na si toleo jipya la mhariri aliye hai. Kwa wasioona kuna mlango mpana zaidi: Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013, ambao Kenya ilijiunga nao mwaka 2017, unaruhusu taasisi zinazowahudumia watu wasioweza kusoma maandishi ya kawaida kutengeneza nakala za sauti au za breli bila kuomba idhini ya mwenye hakimiliki, na kupelekeana nakala hizo kuvuka mipaka ya nchi. Mama yangu ni miongoni mwa watu ambao mkataba huo uliandikwa kwa ajili yao, na sijui msomaji yeyote wa mtaa wetu aliyepata kuusikia.

Walimu wachache tumeanza na daftari. Kila ukurasa una jina la kitabu, mahali kilipo, nani ana ufunguo, na safu ya mwisho ya aliyekiazima. Shule moja, ambayo sitaitaja, imekataa kuandikisha vitabu vyake kwa kuhofia kwamba vikienda havitarudi, na hofu hiyo si ya kupuuzwa, kwani kitabu kinachovuka maji kinaweza kulowa, kusahaulika chini ya ubao wa mashua au kugeuka kuwa cha anayekishika. Wengine wanataka amana ya fedha. Mimi sikubaliani nao, kwa sababu amana itamzuia yuleyule mtoto tunayemtafutia kitabu. Napendelea shule ndiyo ibebe dhamana, si mwanafunzi, na vitabu visafiri ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, mkononi mwa mwalimu anayejulikana kwa pande zote mbili.

Kwa upande wa sauti tutarekodi kwa simu, usiku, mota za maji zikishanyamaza, na faili zitakuwa zetu moja kwa moja, za kunakiliwa kwenye kadi za kumbukumbu na kupewa yeyote anayezitaka, bila muda wa kurudisha. Bado hatujaafikiana nani atasoma. Mama ametoa sharti lake kwamba msomaji awe mtu anayeielewa lafudhi ya Kiamu, na nina majina mawili ya watu ambao nitawaendea wiki hii.