Nilifurahi kolesteroli ya mama iliposhuka, kumbe nilikosea

Mi niko Bukavu, kule Kadutu, na hii maneno ilitupata mwaka jana na mama yangu. Alianza na mkojo wenye kuchoma, tukafikiri ni kitu kidogo, kisha usiku moja akaanza kutetemeka, pumzi mbio mbio, anaongea maneno yenye haieleweki, njo tukamubeba mu taxi. Ku hopitali walisema ni sepsisi, mikrobe imepanda ku figo na mwili unapigana nayo mpaka unajiumiza wenyewe. Walimuwekea serumu na antibiotiki saa ile ile.

Siku ya tatu majibu ya labo ikatoka. Sasa mujue mama alikuwa na kolesteroli ya juu tangu miaka, kila siku tunagombana ju ya mafuta ya mawese, basi ku karatasi naona LDL na HDL, vile vyombo vyenye kubeba kolesteroli mu damu: LDL imeshuka na HDL iko chini kabisa, nikafurahi, nikamwambia dokta angalau hii imepona. Akasema hapana dada, hii nayo ni alama ya ugonjwa. Akanieleza polepole: HDL na LDL zinakamata sumu ya bakteria mu damu, na ini lenyewe linapunguza kuzitengeneza, njo maana zinaisha. Lakini trigliseridi, ile aina ingine ya mafuta ya damu, zilikuwa zimepanda, ju ini linaendelea kumwaga mafuta mu damu na ile enzime yenye kuyavunja inalegea.

Kitu ilinitesa zaidi ni albumini, ile proteini ya damu yenye kushika maji ndani ya mishipa. Ilikuwa gramu 22, na kawaida ni 35 mpaka 50 kwa litre moja. Miguu ikavimba, unafinya na kidole shimo inabaki, na mi nikajua ni kosa langu, sikumulisha vizuri, nililia ku kolidoo usiku muzima. Yule dokta (Mungu amubariki, alikuwa mvumilivu) akasema hata angekula ng'ombe muzima ingeshuka, ju mishipa midogo inavuja, albumini inatoka nje pamoja na maji, na ini limepunguza kuitengeneza ili lifanye proteini za vita kama CRP. Malighafi linaitoa ku misuli. Kweli, mapaja ya mama yaliisha mbele ya macho yetu.

Kaka yangu wa Ulaya akataka kutuma pesa tununue chupa za albumini. Nikauliza, nikaambiwa kuna utafiti mukubwa wa Italia wa 2014, wagonjwa wa sepsisi wenye walipewa albumini hawakupona zaidi ya wale wa serumu tu, kwa hiyo pesa ikaenda ku antibiotiki na egzame. Mpaka leo naona tulifanya vizuri.

Homa ilipotoka njo kazi yangu ikaanza. Waliniambia gramu 1.2 za proteini au zaidi kwa kila kilo ya mwili, mama alikuwa na kilo 60, kwa hiyo 72 kwa siku, na yai moja ni karibu 6 tu! Sahani kubwa ilimushinda, alikuwa anatapika, nikaanza kumupa kidogo kidogo kila saa mbili: uji wa masoso (mahindi, soya na mtama) asubuhi, yai, sambaza (samaki ndogo za ziwa) niliosaga na maharagi laini, tena uji mbele ya kulala. Nikaandika yote mu kaye. Na kumusimamisha kila siku, hata hatua tatu mpaka ku mlango, ju misuli hairudi kwa chakula peke yake.

CRP ilishuka ndani ya siku chache, lakini albumini ilichelewa sana, ju inajengwa polepole, inachukua siku kama 20 ili nusu yake ibadilishwe na mpya. Nilikuwa nauliza kila wiki, na roho inapiga.

Kisha miezi mbili tukarudi ku kontroli. Albumini 37, miguu imekauka, na kolesteroli imepanda tena kama zamani. Dokta akacheka, mama akacheka, mi nikalia tena. Tangu ile siku tumeanza upya kugombana ju ya mawese.