Siku yangu moja Ahero: kilo 14 zimepotea

Saa kumi na moja na nusu niko macho, juu jogoo wa jirani hapa Kondele, Kisumu, hana saa. Chai, mkate wa jana, nikatoka. Watu wakiniuliza nafanya kazi gani nawaambia napima makaa, maana ukisema wewe ni mtafiti wa kuondoa kaboni hewani wanadhani unauza upepo.

Saa moja, maabara. Nafungua oveni naipata baridi. Stima ilipotea usiku, na sampo kumi nilizoacha zikauke kwa nyuzi 105 ziko hivi hivi, kavu si kavu. Hiyo bayocha yetu, yaani makaa ya maganda ya mpunga ya kuzikwa kwa udongo ili kaboni isirudi hewani, tunaizima na maji, so hata ikionekana kavu ndani imebeba maji, na ukipima haraka haraka utakuwa unamuuzia mtu anayenunua kaboni maji ya mto Nyando. Nikawasha upya, nikatukana kidogo, nikakimbilia matatu.

Saa tatu Ahero. Nyuma ya mashine ya kukoboa mchele kuna mlima wa maganda. Tunasimamisha bomba la bati lenye matundu, moto unawekwa ndani, maganda tunayarundika kulizunguka, yanaungua polepole kutoka katikati kwenda nje bila kupata hewa ya kutosha. Halafu unakaa hapo unaangalia rangi. Weusi ukishatokea juu mwaga maji mbio, ukichelewa kidogo tu yanageuka jivu na kaboni yote imerudi hewani. Leo upepo uligeuka tukala moshi vizuri sana, na huo moshi pia naandika juu una methani, na methani inapasha dunia joto kuliko kaboni dioksidi, so lundo la moshi mwingi linajilia faida yake lenyewe.

Saa tano napima magunia ya wiki jana. Kilo 14 hazipo. Nikapima tena, nikageuza mizani, nikaikalia mimi mwenyewe kuona kama inadanganya. Iko sawa. Na kila kilo ya kaboni inayobaki kwa udongo ni kama kilo 3.67 za kaboni dioksidi, ingawa maganda ya mpunga yana silika nyingi, madini kama ya mchanga yanayobaki jivu, kwa hivyo lazima utoe jivu kwanza, utoe maji, ndio uanze kujisifu.

Saa nane mkutano kwa jakom, mwenyekiti wetu, tuelezee marekebisho ya sheria ya tabianchi ya 2023. Mradi wa kaboni ukiwa kwa ardhi ya umma au ya jamii lazima kuwe na mkataba na wenyeji, na kama ni mradi wa ardhi wapate si chini ya asilimia 40 ya mapato ya mwaka uliopita, ule usio wa ardhi asilimia 25. Mzee mmoja akauliza, na mimi mwenye taitol yangu, hati ya shamba langu mwenyewe, je? Nikamwambia ukweli, hapo ni wewe na wenye mradi mezani, soma kabla uweke kidole.

Halafu mama mmoja pale nyuma akasema, "Nyathina, mtoto wangu, makaa nanunua kila siku, na wewe unataka nizike makaa shambani?" Kicheko. Nikaanza mambo ya udongo kushika maji, akanikatiza. Alishachukua kidogo wiki jana, akachanganya na molasi na udongo wa mfinyanzi, akakunja madonge, akapikia nyoyo, mahindi na maharagwe, mpaka zikaiva. Kidogo kiasi gani mama? Akaonyesha na mikono, kama ndoo mbili.

Kilo zangu hizo.

Sikuwa na jibu na bado sina. Stima ya Kenya nyingi inatoka kwa mvuke wa Olkaria, maji na upepo, sawa, lakini jikoni kwake hiyo stima haijafika, anapikia makaa ya mti uliokatwa. Akichoma yangu kaboni inarudi juu, kwa hesabu ya kuondoa ni sufuri. Lakini ule mti haujakatwa. Hiyo ni hesabu ya ripoti ingine, ya nishati, na hiyo pia naandika mimi, meza ile ile.

Saa mbili usiku niko nyumbani na omena na laptopu. Nimejaza kila kitu isipokuwa safu ya "zimeenda wapi". Bosi atauliza, najua. Nikaandika: nyoyo.