Vinubi vya Sulemani na Ujira wa Wakata Miti

Neno: 1 Wafalme 10:11-12, 2 Nyakati 2:8-10

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Safari ya malkia wa Sheba tumehubiriwa mara nyingi: ngamia wake, manukato yake, maswali yake magumu. Ila katikati ya habari hiyo mwandishi anamwacha malkia amesimama na zawadi zake, anaingiza aya mbili za mambo ya mbao, kisha anamrudia mgeni wake. Anasema merikebu za Hiramu, mfalme wa Tiro, zilileta kutoka nchi ya Ofiri miti ya msandali mingi sana, na mfalme akaitumia kwa nguzo za nyumba ya BWANA na kwa vinubi na vinanda vya waimbaji. Tena anaongeza kwamba miti ya namna ile haikuonekana tena mpaka siku zake. Macho ya wengi wetu hupita hapo haraka, maana tunamfuata malkia.

Tusimame hapo kidogo. Sulemani alikuwa na waimbaji, wana wa Asafu na ndugu zao, na mafundi hawakumkosa. Alichopungukiwa ni watu wa msituni. Katika ujumbe wake kwa Hiramu, 1 Wafalme 5:6, anakiri waziwazi: kwetu hakuna mtu ajuaye kukata miti kama Wasidoni, watu wa Hiramu. Mfalme aliyesifiwa kwa hekima dunia nzima anasema kuna hekima asiyokuwa nayo, na hekima hiyo iko mikononi mwa watu wenye shoka. Halafu, katika ujumbe huohuo kama unavyosimuliwa na 2 Nyakati, anataja malipo yao kwa vipimo vya siku zile, kori za nafaka na bathi za vimiminika: kori ishirini elfu za ngano, kori ishirini elfu za shayiri, bathi ishirini elfu za mvinyo na bathi ishirini elfu za mafuta. Majina ya wakata miti hao hatuyajui. Bezaleli, fundi wa hema ya kukutania, tunamjua, Huramu fundi wa shaba tunamjua, lakini wao hawakuandikwa. Kilichoandikwa ni ujira wao, na umeandikwa kwa hesabu.

Sisi wa Tanzania tuko ndani ya habari hii kuliko tunavyodhani. Klarineti na obo, ala za kupuliza zinazopigwa katika okestra za Ulaya na Marekani, na zile zumari za mfuko za Waskoti, kwa sehemu kubwa huchongwa kwa mpingo, na mpingo wa kazi hiyo hutoka hasa kwetu na kwa jirani zetu wa Msumbiji. Ni mti uleule wa vinyago vya Wamakonde. Anayeupuliza huko Vienna huenda hajawahi kusikia jina la Kilwa wala Liwale.

Mpingo hauna haraka. Wanaoufuatilia husema unahitaji miaka 70 hadi 100 kufikia unene wa kuvunwa, kwa hiyo mti unaoangushwa mwaka huu huenda ulichipua kabla ya babu wa mvunaji kuoa. Na baada ya miaka yote hiyo mara nyingi unakuta umepinda, una mafundo, au kiini kimeoza kwa ndani huku nje ukionekana mzima. Mvunaji mzoefu huuzunguka mti, huugonga, husikiliza, huangalia matawi, ndipo aamue. Msitu wa miombo una mbung'o na joto lake, na masika ikishika, barabara za huko hazipitiki. Mierezi ya Lebanoni aliyoituma Hiramu kwa hekalu iliunganishwa ikaelea baharini hadi Yafa. Mpingo ukiutupa majini unazama, kwa hiyo gogo lazima litolewe msituni kwa nchi kavu, na mara nyingi kwa nguvu za watu, mpaka kwenye lori.

Kiwandani nako kuna shughuli. Mbao hiyo ni ngumu kiasi kwamba msumeno hunolewa mara kwa mara, na vumbi lake linawasha ngozi na kukera pua. Mpasuaji huondoa ile sehemu ya nje ya rangi ya maziwa, anafuata kiini cheusi, anakagua ufa, anakata tena. Kipande kikiwa na ufa mwembamba kama unywele hakifai kwa klarineti, kwa sababu siku moja kitapasuka mikononi mwa mpigaji. Sehemu kubwa ya gogo huishia kuwa mabaki. Vile vipande vichache vinavyosalia hupakwa nta kwenye ncha ili vikauke polepole visipasuke, na vinaweza kukaa miaka kadhaa kabla ya kuguswa na mtengeneza ala. Hapo bado wimbo haujaanza.

Nimewahi kusikia watu wakisema kazi hii ni ya wasiosoma. Torati haisemi hivyo. Kumbukumbu la Torati sura ya 29 inapowapanga Israeli mbele za BWANA kuingia katika agano, inaanza na wakuu wa kabila na wazee, inafika kwa wanawake na watoto, na haiishi mpaka imemtaja mchanja kuni na mteka maji. Sura ya 19 inamfikiria hata mtu aliyeingia mwituni na mwenzake kukata miti, kichwa cha shoka kikachomoka kwenye mpini kikamuua mwenzake, na inamwekea mji wa kukimbilia. Mungu anayetoa sheria kuhusu mpini wa shoka anaijua kazi ya msituni kwa karibu.

Lakini tusimsifu Sulemani kupita kiasi. Huyohuyo aliyewaahidi Wasidoni ngano na mafuta aliwatoza watu wake mwenyewe shokoa, yaani kazi ya kulazimishwa, watu thelathini elfu, kumi elfu kila mwezi kwa zamu kwenda Lebanoni. Mwezi mmoja msituni, miezi miwili nyumbani. Hatusomi kwamba hao waliandikiwa kori yoyote. Alipokufa, Israeli wakamwendea mwanawe Rehoboamu wakilia juu ya nira nzito, na Adoramu, msimamizi wa shokoa, akapigwa mawe mpaka akafa. Hekalu lilikuwa zuri na vinubi vilipigwa vizuri, lakini malalamiko ya waliokata mbao yalikuwa hai bado, na ufalme ukagawanyika.

Ndiyo maana habari ya Kilwa hunifurahisha kila ninapoikumbuka. Zamani gogo la mpingo lingeweza kuondoka kijijini na wenye msitu wasiambulie cha maana. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 iliwezesha vijiji kumiliki misitu yao na kuuza mazao yake. Mwaka 2009, kwa msaada wa MCDI, shirika la uhifadhi wa mpingo, vijiji vya Kikole na Kisangi vikapata cheti cha usimamizi bora wa misitu cha FSC, baraza la kimataifa la misitu, msitu wa asili wa kwanza wa jamii kufikia hapo barani Afrika. Kamati ya kijiji huhesabu miti, hupanga mingapi ivunwe na mingapi iachwe ikue, na fedha huingia kwenye miradi ya kijiji. Sisemi mambo yote yamenyooka. Magogo ya wizi bado yapo, na madalali wa kuwalaghai watu hawajaisha. Lakini kijiji kukaa mezani na mnunuzi na kutaja bei yake ni jambo ambalo Yakobo 5:4 ingelifurahia, ile aya inayosema ujira uliozuiwa unapiga kelele, na vilio vya waliovuna vimeingia masikioni mwa Bwana wa majeshi.

Turudi kwenye kwaya zetu. Siku ya tamasha tunawashukuru waimbaji, mwalimu, mpiga kinanda, mfadhili, mgeni rasmi na mke wa mgeni rasmi. Ngoma tumeiagiza kwa fundi, naye fundi alinunua gogo kwa mtu. Tulipokuwa tukimbana fundi ashushe bei "kwa sababu ni kazi ya Mungu", punguzo lile halikutoka mfukoni mwake. Alikwenda akalikata kwa yule aliyeleta gogo, ambaye hana wa kumkatia. Wazee wa kanisa na viongozi wa kwaya, jambo hili linatuhusu sisi tunaosaini malipo. Mkiagiza ala mwaka huu, muulizeni fundi mti umetoka wapi, una kibali, na aliyeuleta amelipwa. Akishindwa kujibu, subirini.

Tuombe.

Ee Bwana uliyeotesha mpingo Lindi na mierezi Lebanoni, tunakushukuru kwa watu wanaoingia msituni alfajiri ili sisi tuimbe. Walinde na mti unaoangukia upande usiotarajiwa, na nyoka, na lori lisilo na breki. Waponye vifua wanaovuta vumbi la mbao kutwa nzima, na uwape waajiri wao moyo wa kuwanunulia barakoa. Zipe kamati za vijiji ujasiri wa kumkataa mnunuzi mwenye bahasha. Na sisi tunaodaiwa na fundi wetu wa ngoma, tupe kumlipa kabla ya Jumapili. Kwa jina la Yesu. Amina.